Bawa la mbu halisubiri shata

Tukitaka kusema jambo limetokea haraka sana, tunasema "kufumba na kufumbua". Hebu tuupe msemo huo namba. Tuseme kufumba na kufumbua ni sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo tumechukua jicho lenye haraka kweli. Ndani ya muda huo nyuki ameshapiga mabawa mara 23. Mbu wa malaria anayepaa kutoka kwenye mkono wako ameshapiga mara 60 hivi. Wewe hata kope hazijagusana vizuri.

Ndo maana ukimpiga picha nyuki akiwa hewani unapata mwili unaoeleweka kidogo, na pembeni ukungu tu. Wengi wakiona hivyo wanasema tatizo ni simu, ningekuwa na kamera ya maana ningempata. Jibu hilo lina ukweli nusu. Kinachosimamisha bawa hewani si kamera, ni mwanga. Kwa usahihi zaidi, ni muda ambao mwanga unawaka.

Ukilielewa hilo, mambo mawili yanafunguka. Kwanza, mtu mwenye kamera kuukuu na flashi ya mkononi anaweza kupata picha ambayo simu ya mamilioni haiwezi. Pili, unaanza kujua picha ipi ya mdudu inasema kweli na ipi inakudanganya. Hilo la pili si mchezo, maana picha za namna hii ndizo zilizotueleza jinsi mbu anavyoondoka kwenye ngozi yako akiwa amejaa damu na wewe huna habari.

Hesabu ya ukungu

Ukungu wa mwendo una kanuni fupi: ni umbali ambao kitu kimesogea wakati picha inapigwa. Kasi mara muda, basi.

Tuanze na mbu. Bawa lake lina urefu wa milimita 3 hivi. Kila pigo linakwenda mbele na kurudi, na kila upande linafagia kama digrii 40. Kwa hiyo ncha ya bawa inachora tao la milimita 2 kwenda na milimita 2 kurudi, jumla 4 na kidogo. Zidisha kwa mapigo 600 kwa sekunde, unapata mita 2.5 kwa sekunde. Huo ni wastani. Katikati ya pigo, ambapo bawa lina mbio zaidi, ncha inafika kama mita 4 kwa sekunde.

Sasa nyuki. Yeye anapiga mara 230 kwa sekunde, chini ya nusu ya mbu. Lakini bawa lake lina karibu sentimita 1, na linafagia digrii 90 hivi. Ncha inakwenda karibu milimita 16, inarudi 16, mara 230. Jibu ni zaidi ya mita 7 kwa sekunde. Kumbe nyuki anayepiga mabawa "polepole" ndiye mwenye ncha inayokimbia zaidi! Hiyo ni kama kilomita 26 kwa saa, mwendo wa bodaboda kwenye barabara yenye matuta.

Utauliza, mbona bodaboda napiga picha na simu na inatoka safi? Swali zuri. Bodaboda iko mita kumi kutoka kwako, kwa hiyo kwenye kihisi cha kamera (kile kibao kidogo kinachopokea picha) inakuwa ndogo mno. Ikisogea sentimita moja, kwenye kihisi imesogea kiasi kisichoonekana. Lakini picha ya karibu, ile wapigapicha wanaita makro, inafanya kinyume. Kwa ukuzaji wa 1:1, mdudu mwenye milimita 10 anachukua milimita 10 kwenye kihisi. Kihisi chenyewe, kwenye kamera nyingi za kawaida, kina upana wa milimita 22 hadi 36 tu. Tumemkuza mdudu, na mwendo wake nao umekuzwa kwa kiwango hichohicho.

Wapigapicha wana kipimo cha mazoea: kwenye kihisi cha upana wa milimita 36, ukungu wa chini ya milimita 0.03 jicho halitaugundua. Kwa ncha ya bawa la mbu kwenye ukuzaji wa 1:1, umbali huo unamalizika ndani ya sehemu ya 1/80,000 ya sekunde. Shata ya kawaida, hata kwenye kamera ghali, inaishia 1/4000 au 1/8000. Kwa 1/8000 ncha ya bawa imeshasogea milimita 0.3, yaani sehemu ya kumi ya urefu wa bawa zima.

Shata nayo ina uongo wake

Tatizo haliishii kwenye ukungu. Shata ya kamera nyingi ina mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Ukiweka 1/8000, la pili halisubiri la kwanza limalize safari. Yanakimbia pamoja yakiacha upenyo mwembamba katikati, na upenyo huo unapita mbele ya kihisi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kila mstari wa kihisi unapata mwanga kwa 1/8000, hilo ni kweli. Lakini safari nzima ya upenyo inachukua kama 1/250 ya sekunde. Katika safari hiyo mbu amepiga mabawa zaidi ya mara mbili.

Maana yake sehemu ya juu ya picha na sehemu ya chini hazikupigwa wakati mmoja. Ni kama mtu akupige picha kichwa asubuhi, miguu jioni, halafu aunganishe aseme hii hapa picha yako ya leo. Kwa mtu aliyesimama hamna shida. Kwa bawa la mbu, umbo unaloliona huenda halikuwahi kuwepo.

Simu inazidi hapo. Haina mapazia. Inasoma kihisi mstari kwa mstari, na kwenye simu nyingi kazi hiyo huchukua milisekunde 10 hadi 30. Tuchukue 20. Mbu amepiga mabawa mara 12 kabla simu haijamaliza kusoma picha moja. Ndo unapoona mabawa yaliyojikunja kama tambi, au vipande vya bawa vinavyoelea peke yake.

Na video ya mwendo wa taratibu? Simu nyingi zinapiga fremu 240 kwa sekunde. Nyuki anapiga mabawa 230. Angalia namba hizo mbili zilivyokaribiana. Kila fremu inapopigwa, bawa limekaribia kumaliza mzunguko wake mmoja, limebakiza kidogo tu. Fremu inayofuata, limebakiza kidogo zaidi. Ukiangalia video utaona nyuki akipiga mabawa taratibu, kwa utulivu, tena kinyumenyume. Ni mchezo uleule wa tairi la gari kwenye sinema linaloonekana kurudi nyuma huku gari linakwenda mbele. Video inapendeza, lakini haikuonyeshi pigo hata moja la kweli.

Radi ya mfukoni

Umewahi kuwa nje usiku wa mvua ya upepo, radi ikamulika? Kwa kile kitambo kidogo unaona minazi imeinama na majani yamesimama hewani, kama vile upepo umekoma. Upepo haujakoma. Jicho lako lilikuwa wazi muda wote, ila kulikuwa na giza, na mwanga uliokuja ulikuwa mfupi.

Flashi inafanya kazi hiyohiyo. Unaacha shata wazi kwa 1/200, kasi ambayo mapazia yote mawili yameachia kihisi kizima kwa pamoja. Unahakikisha mwanga wa kawaida ni mdogo kiasi kwamba bila flashi picha inatoka nyeusi. Halafu flashi inawaka mara moja, kwa muda mfupi mno, inamulika mdudu mzima kwa pamoja. Kamera inabaki kuwa chumba cha giza tu. Muda wa picha ni muda wa flashi.

Ni mfupi kiasi gani? Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Flashi ndogo ya kukaa juu ya kamera ikiwaka kwa nguvu zote huchukua hadi 1/1000 ya sekunde au zaidi. Lakini ukipunguza nguvu, haiwaki kwa ufifi. Inawaka vilevile, kisha umeme unakatwa mapema, kama unavyofunga bomba kabla ndoo haijajaa. Kwa nguvu ya 1/128, flashi nyingi za namna hii zinawaka kwa takriban 1/20,000 hadi 1/40,000 ya sekunde. Kwa 1/40,000 ncha ya bawa la mbu inasogea milimita 0.06. Ya nyuki inasogea milimita 0.18. Ukilinganisha na urefu wa mabawa yao, wote wawili ni kama asilimia 2. Hata mishipa ya bawa utaiona.

Angalizo mbili. Taa nyingi kubwa za studio hazifanyi hivi, baadhi zinapopunguzwa nguvu zinawaka kwa muda mrefu zaidi. Na ile hali ya flashi inayokuruhusu kutumia shata ya 1/4000 iepuke kabisa kwa kazi hii. Inachofanya ni kuurefusha mwanga ili upenyo wa shata upate kumulikwa safari yote, na hapo umeirudisha shida yote uliyokuwa unaikimbia.

Bei ya kuwahi

Hamna cha bure. Ukishusha flashi hadi 1/128 umepoteza mwanga mara 128. Ukuzaji wa 1:1 nao unakula mwanga mara 4 zaidi, kwa sababu lenzi imesogezwa mbali na kihisi. Utalipaje deni hilo? Kwa umbali. Nguvu ya mwanga inapungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo flashi iliyosogezwa kutoka mita 1 hadi sentimita 10 inamulika mara 100 zaidi. Ndo maana wapigapicha wa wadudu wanabeba flashi zimening'inizwa karibu kabisa na mdomo wa lenzi, kama taa za mvuvi wa dagaa.

Deni la pili ni fokasi. Kwa ukuzaji wa 1:1 na tundu la lenzi la f/11, eneo linaloonekana kwa ukali lina unene wa milimita 1.3. Ukikuza 2:1 unabaki na nusu milimita. Bawa la mbu lina milimita 3, kwa hiyo akigeuka kidogo tu, nusu ya bawa imeshatoka nje ya fokasi.

Mtu atasema, si ubane tundu zaidi, uweke f/22? Hapo fizikia inakugeuka. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo unasambaa, wanafizikia wanaita difraksheni, na kwenye makro athari yake inaongezeka. f/22 kwa ukuzaji wa 1:1 inafanya kazi kama f/44, na nukta moja ya mwanga inakuwa duara la milimita 0.06 hivi, mara mbili ya ukungu tuliosema jicho linaweza kuvumilia. Umepata unene, umepoteza ukali. Kwa mdudu aliyetulia watu wanapiga picha kumi au mia, kila moja na fokasi yake, kisha programu inaziunganisha. Kwa mdudu anayeruka hakuna picha ya pili. Kilichobaki ni kumpata akiwa ubavu kwako, mwili wake sambamba na kihisi, ili milimita yako moja ipite palepale unapopataka.

Kutoka masizi hadi kamera nane

Shauku hii si ya leo. Mwishoni mwa miaka ya 1860, daktari Mfaransa Étienne-Jules Marey alitaka kujua wadudu wanapiga mabawa mara ngapi, na kamera ya kumsaidia haikuwepo. Alichukua silinda, akaipaka masizi ya moshi, akaizungusha. Akamshika mdudu kwa koleo ndogo ili ncha ya bawa iguse masizi. Kila pigo likaacha alama. Pembeni uma wa sauti, unaotetema kwa kasi inayojulikana, ukaandika muda. Kwa njia hiyo alipata mapigo 330 kwa sekunde kwa nzi wa nyumbani, 190 kwa nyuki, 110 kwa nyigu, 28 kwa kereng'ende na 9 kwa kipepeo. Kwa masizi tu! Aligusisha pia vipande vya dhahabu nyembamba kwenye bawa la nyigu, na mwanga wa jua ukamwonyesha ncha ikichora umbo la namba nane hewani.

Mwaka 1904 msaidizi wake, Lucien Bull, mzaliwa wa Dublin, aliwapiga filamu wadudu wakiruka kwa zaidi ya picha 1,000 kwa sekunde. Hakutegemea kasi ya shata. Alitumia cheche za umeme, kila cheche picha moja, na mdudu mwenyewe ndiye aliyeuanzisha mtambo alipoondoka. Katika miaka ya 1970 Mwingereza Stephen Dalton akapata picha za rangi za wadudu wakiwa hewani kwa flashi ya 1/25,000 ya sekunde, huku mdudu akiiamsha kamera kwa kukatiza mwale wa mwanga. Kitabu chake, Borne on the Wind, kilitoka mwaka 1975. Wote hawa, kwa vifaa tofauti, walifikia uamuzi mmoja: acha kuikimbiza shata, fupisha mwanga.

Halafu ikaja zamu ya mbu. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza na Japani walichapisha kwenye jarida la Nature kazi yao juu ya mbu aina ya Culex, ndugu wa wale wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya miji yetu, na ambao pwani ya Afrika Mashariki wanaeneza matende na mabusha. Walitumia kamera nane zinazopiga fremu 10,000 kwa sekunde. Mbu akipita mahali ambapo kamera zote nane zinaona, anapatikana kutoka kila upande. Mapigo ya mabawa ya mbu hawa yanaweza kupita 800 kwa sekunde, kwa hiyo kila pigo likapata picha kama kumi na mbili.

Walichokiona kilieleza kitendawili. Nyuki akifagia digrii 90 watu waliona ni kidogo, maana nzi wa matunda anapita digrii 140. Mbu anafagia 40 tu. Kwa pigo fupi hivyo, anapataje nguvu ya kujibeba? Jibu liko pale bawa linapogeuka. Mwishoni mwa kila pigo bawa linajipindua haraka na kurudi kwenye hewa lililoivuruga lenyewe sekunde ndogo iliyopita. Kimbunga kidogo lilichokiacha linakidaka na kukikanyagia. Hiyo sauti nyembamba inayokukera sikioni saa nane usiku ndiyo gharama ya ujanja huo: pigo likiwa fupi, lazima yawe mengi.

Mbu mwenye shibe

Mwaka huohuo watafiti wa Wageningen, Uholanzi, na Berkeley, Marekani, waliwapiga video za kasi kubwa mbu wa Anopheles coluzzii, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria Afrika. Swali lao lilikuwa rahisi kulisema: mbu aliyeshiba anaondokaje bila kuhisiwa?

Fikiria uzito. Mbu anaweza kunywa damu inayolingana na uzito wa mwili wake, au zaidi. Wadudu wengi wakitaka kuruka, nzi wa matunda akiwa mmoja wao, wanasukuma kwa miguu kwanza, kwa nguvu, mabawa yanafuata. Nzi akiondoka mkononi mwako unamhisi. Mbu anafanya kinyume. Video zilionyesha anaanza kupiga mabawa milisekunde 30 hivi kabla miguu haijaachia ngozi. Piga hesabu: mapigo kama 18 kabla hajaondoka. Mabawa yameshabeba sehemu kubwa ya mzigo, na ile miguu mirefu inanyooka taratibu, nguvu yake ikitawanywa kwenye muda mrefu. Ngozi haipati kishindo. Na hata akiwa amejaa damu, haondoki kwa kasi ndogo.

Kwa nini hili lina maana kwetu? Kwa sababu mbu aliyenyonya vimelea vya malaria leo hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea vinahitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani yake. Kwa hiyo malaria inategemea mbu kunusurika: kula, kuondoka salama, kuishi, kula tena. Zile milisekunde 30 ni sehemu ya njia ambayo ugonjwa unasafiria. Na ugonjwa wenyewe tunaujua, wengi wa wanaokufa kwa malaria duniani ni watoto wa Afrika chini ya miaka mitano. Jambo hilo halikuonekana kwa jicho, wala kwa darubini ya kumtazama mbu aliyekufa. Mbu aliyekufa haondoki.

Ukitaka kujaribu

Huhitaji kamera nane. Kamera ya zamani yenye lenzi inayobadilishwa, flashi moja ya mkono, na njia ya kumsogelea mdudu vinatosha. Lenzi ya makro ikiwa ghali, kuna pete za bei poa zinazokuwezesha kuifunga lenzi ya kawaida kinyumenyume, au mirija mitupu inayoisogeza lenzi mbele. Zote mbili zinaongeza ukuzaji.

Weka shata 1/200, tundu f/11, flashi 1/64 au 1/128. Piga picha moja bila flashi. Ikitoka nyeusi, uko sawa. Ikitoka na kitu, mwanga wa jua utakuachia kivuli cha ukungu juu ya picha kali, basi tafuta kivuli au ngoja jioni. Isogeze flashi karibu na mbele yake weka karatasi nyeupe au kipande cha dumu la maziwa, mwanga uwe laini. Fokasi iache palepale, usiizungushe. Sogeza mwili wako mbele na nyuma taratibu hadi mdudu aingie kwenye ile milimita moja.

Anza na nzi wa maua, wale wanaojifanya nyigu kwa mistari yao ya njano. Wanaelea mahali pamoja hewani, kama wanakusubiri. Nyuki naye anarudi kwenye maua ya aina ileile, kwa hiyo chagua ua umngoje, usimfukuze. Mzinga usiusogelee kwa flashi.

Na mbu? Tafadhali usitoe mkono wako uumwe kwa ajili ya picha. Wako mbu wasiouma: madume. Jua linapozama, madume ya Anopheles hukusanyika kwa bumba, wakicheza hewani juu ya eneo fulani wakingoja majike. Watafiti katika bonde la Kilombero wamekuwa wakiyasoma mabumba haya, maana ukijua wanapokusanyika unajua pa kuwapunguza. Dume utamjua kwa papasi zake zenye manyoya mengi, kama brashi ya kusafishia chupa. Mwanga wa jioni umeshapungua, giza unalohitaji lipo tayari. Vaa mikono mirefu, maana majike nao hawako mbali.

Sema ulivyoipata

Kuna picha nyingi za wadudu "hewani" ambao hawakuwa hewani. Wengine wamepozwa kwenye friji hadi wakafa ganzi, wengine wamekufa kabisa wakabandikwa na gundi, kisha programu ikaufuta mkono unaowashika. Kuwapoza si dhambi kwenyewe. Kwenye maabara za wadudu mbu hupozwa ili wahesabike na kupangwa. Picha ya mdudu aliyepozwa inaweza kukuonyesha vizuri macho, magamba na papasi.

Lakini haiwezi kukuonyesha mwendo. Miguu ya mdudu anayeruka ina mpangilio wake: nyuki anaikunja chini ya tumbo, mbu anaiacha ile ya nyuma ikining'inia. Mabawa nayo yanapinda kwa uzito wa hewa. Ukiona mabawa yamenyooka kama karatasi mpya na miguu imekakamaa, uliza maswali. Ukiona bawa limejikunja kama tambi, jua ni kihisi kimesoma mistari yake kwa zamu, si bawa la ajabu.

Kwa hiyo ukipata picha yako, andika chini yake vitu vitatu: mdudu alikuwa hai au amepozwa, alikuwa huru au ameshikwa, na mwanga uliwaka kwa muda gani. Ni mstari mmoja tu. Mstari huo ndio unaomwezesha mtu mwingine kuchukua rula, kupima ukungu kwenye ncha ya bawa, kugawa kwa ukuzaji na kwa muda wa flashi, na kuipata kasi ya bawa kutoka kwenye picha yako. Bila mstari huo, picha inabaki kuwa pambo.